Yah: Kupinga Mshipa wa Mguu wa Kaka Kufungwa Moyoni

Kwa Daktari Mpasuaji, Wodi ya Moyo,
Ghorofa ya pili, mkabala na lifti mbovu.

Mheshimiwa Daktari,

Natumai barua hii itakukuta u mzima na mikono haitetemeki. Mimi ni mdogo wake yule fundi cherehani wa kitanda cha dirishani. Mwenyewe ni fundi bomba, tena si wa kuokota: nimefunga mabomba hoteli ya ghorofa tisa, nimefunga ndani ya meli ya mizigo huku inayumba. Jana ulituchorea moyo nyuma ya bahasha ya eksirei, ukasema mishipa inayoulisha moyo wa kaka imeziba, na keshokutwa utamtoa mshipa mguuni uufunge moyoni, damu ikwepe palipoziba. Ndugu wote wakaitikia kwa vichwa. Mimi nami niliitikia, kwa adabu tu. Sasa adabu imeisha, nalalamika hivi:

1. Ulisema mwenyewe kwamba ateri ina ukuta mnene unaovutika, maana inapokea damu kwa kishindo kutoka kwenye pampu. Vena ni laini, kazi yake kurudisha damu iliyochoka, polepole, kama mtu anayetoka kazini. Halafu unachukua vena iliyozoea ustaarabu wa mguuni unaitia kwenye kishindo! Daktari, bomba la kurudishia halifungwi kwenye pampu. Uliposema kwamba ukuta wake utanenepa wenyewe na "kujifunza kazi", nilibana kicheko. Nimeshika mabomba ya kila taifa, sijaona linalosoma.

2. Eti utaugeuza juu chini, kwa sababu ndani ya vena mna vali, vilango vya kuzuia damu isirudi miguuni, na usipougeuza vitaifungia njia. Hapo nakiri uligusa ufundi. Lakini bomba likishakatwa, ncha zake ni mapacha. Nani atakumbuka ipi ya juu? Tia alama.

3. Na mguu je? Ulisema damu itapitia vena nyingine. Mimi nikimwambia mteja maji yatajitafutia njia, nitatoka kwake bila viatu.

4. Mtausimamisha moyo, mashine isukume damu mpaka mmalize kushona. Hili ndilo lililoninyima usingizi. Mimi nikifunga koki kuu ya jengo najua itafunguka, na ikigoma naweka nyingine. Moyo huu ndio ulionilea tangu baba alipotutoka. Ukigoma, mwingine mtautoa duka gani?

Nimemweleza kaka haya yote. Akauliza jambo moja tu, mtatumia uzi gani. Nilipomwambia ni mwembamba kuliko unywele, akasema, "Basi huyo fundi. Mwache ashone." Mkewe naye akadakia, "Shemeji, sinki langu linavuja tangu mvua zilizopita na wewe unapita tu. Moyo wa mume wangu utauweza?" Nimemsamehe, maana ana majonzi.

Kwa hiyo naomba upasuaji usimame, na litumike bomba la plastiki. Ninalo, jipya, halishiki kutu. Mkikataa, basi niingie chumba cha upasuaji nisimame nyuma yako na spana yangu. Sitagusa kitu, nitasimamia tu. Nitanawa mpaka viwikoni.

Nisalimie manesi wote, hasa yule wa asubuhi anayemfokea kaka mpaka amalize sahani, na mzee wa kusukuma vitanda, na mlinzi wa geti ingawa hanipendi.

Ni mimi, mwenzako katika mambo ya mabomba,
Mdogo wa Mgonjwa.

Tanbihi: Kaka ana miguu mifupi. Nimejipima mwenyewe kwa futi ya kazini: yangu ni mirefu na mishipa imenyooka. Mshipa wake usipotosha, kata wangu, mguu wowote, ugeuze utakavyo. Keshokutwa alfajiri utanikuta mlangoni, sijala kitu, kama ulivyomwagiza kaka.