Saa Nzima Mbele ya Mama Mkuna Nazi

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimeposa. Au karibu. Mzee Menza, babake Hanifa, mpishi mstaafu wa hotelini, aliniuliza nafanya kazi gani. Nikasema ni mwongozaji wa wageni katika jumba la sanaa, Diani. Jibu zuri sana. Kasoro moja: kazi hiyo sijaipata. Imetangazwa tu. Bi Twaiba, mwenye jumba, atamchukua atakayeketi mbele ya picha moja saa nzima, Alhamisi, kisha aeleze alichokiona. Ukitamka neno kabla ya saa kwisha, umetoka. Kunyamaza kuna ugumu gani? Hanifa ni wangu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimefanya mazoezi na kalenda ya ukutani. Dakika nne. Nikalala. Nilipoamka shingo imepinda na Mama ananisomea dua.

Basi, tutumie akili. Nimempelekea Lewis, askari wa getini pale jumbani, viazi karai vya moto. Naye amenipa maneno ambayo wageni huyasema wakiwa mbele ya picha: upweke, mwanga, safari ya nafsi. Ameniambia niyatamke polepole, macho nimeyalegeza. Nimeyakariri yote kabla ya adhuhuri.

Jumatano, 6 Agosti

Balaa. Kombe naye anataka kazi. Ni jirani yangu hapa Bongwe, kwao Kinango, amekulia machungani. Mtu aliyetazama ng'ombe tangu utotoni unashindana naye vipi kutazama? Si haki hata kidogo. Nikamwambia shughuli imehamishiwa Gazi. Akanishukuru sana. Kisha akampigia simu Bi Twaiba kuhakikisha. Watu siku hizi hawaaminiani!

Alhamisi, 7 Agosti

Tulijitokeza wawili tu. Viti viwili. Picha: mama jikoni anakuna nazi. Dakika ya tatu nilikuwa nimeshaimaliza. Mama. Nazi. Jiko. Kuna nini tena?

Dakika ya ishirini mlango ukafunguka. Mzee Menza! Amekuja kumwona mkwe wake kazini. Akatoa salamu, Asalaam aleikum, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuamrisha jiko zima. Salamu haiachwi bila kuitikiwa, hata mtoto wa madrasa anajua. Lakini nikijibu, kazi imekwenda. Na kazi ikienda, Hanifa naye amekwenda.

Kombe, Mkristo wa Kinango, akainuka, akaitikia salamu kwa ukamilifu, akaongeza shikamoo, akamwachia mzee kiti. Ametoka mashindanoni. Mimi Chirau, niliyehitimu Kurani mara mbili, nikaikodolea nazi.

Mzee akangoja. Akakohoa. Mwishowe akaketi kando yangu, akaanza naye kuitazama picha. Masikio yaliniwaka kwa aibu dakika arobaini.

Saa ilipotimia nikasema upweke, mwanga, safari ya nafsi. Macho nimeyalegeza. Bi Twaiba akauliza kama nina homa. Kisha, kwa heshima tu, akamuuliza mzee ameona nini. Mzee akasema nazi ya mama yule imekwisha zamani, sasa anakuna kifuu. Tuangalie sahanini, nyeupe imeingia kahawia. Mtu hakuni hivyo ila ana jambo moyoni, na mle jikoni hamna wa kumuuliza. Bi Twaiba akavua miwani, akaipangusa, akaisogelea picha.

Ijumaa, 8 Agosti

Kazi amepewa Mzee Menza. Mzee mwenyewe! Hakuiomba hata.

Kombe amecheka mpaka ameketi chini. Hanifa ameniandikia ujumbe: babake amerudi nyumbani akiuliza kama mimi ni kiziwi. Nimemjibu kwamba yote niliyafanya kwa ajili yake. Ameusoma tu.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimekwenda na halua kuomba radhi. Mzee amenipokea vizuri, akasema salamu ameshanisamehe, na uongo wa kazi pia. Ana swali moja tu, nikilijibu tupange siku ya posa. Hanifa anauza vitambaa Ukunda, nami husimama mbele ya meza yake kila siku, mwaka wa pili huu. Je, mkasi huushika kwa mkono gani?

Nikajibu papo hapo: wa kulia.

Nyuma ya pazia mtu akaweka kikombe chini kwa kishindo. Hanifa hutumia kushoto. Ukunda nzima inajua.

Nimeumia, sitaficha. Njia nzima sikuinua kichwa. Lakini mzee amenipa nafasi ya mwisho: nirudi baada ya mwezi, ataniuliza mengine kumhusu Hanifa. Ameshauri niutumie mwezi huo kutazama vizuri, taratibu.

Mwezi mzima! Nimeshapata njia ya mkato. Nzai, yule fundi cherehani kijana wa mlango wa pili na duka la Hanifa, nimemwomba amtazame kwa niaba yangu. Macho, vidole, anavyocheka, kila kitu, kisha aniandikie nikariri. Amekubali hata kabla sijamaliza kueleza. Amesema ataanza leo leo, na hana haraka. Kijana mwema sana.