Kibodi ya Mektilda Irudishwe Mezani, la Sivyo Sifi

Gerson Mihambo,
Ipuli, Tabora.

Kwa Mwenyekiti,
Umoja wa Kuzikana wa Tupokeane,
Ipuli.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KIBODI INAYOZUIA MLANGO WA OFISI

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini barua haiwezi kukaa barazani kusubiri shikamoo, na wewe Wilbroad nimekutangulia kuzaliwa kwa miaka kumi na tisa. Basi ichukue tu, imeshaitikiwa.

Mimi ni mtu wa miaka themanini na minne. Nimewazika wenyeviti watatu wa umoja huu, wewe ni wa nne, sikutishi. Redio nne zimefia mikononi mwangu. Daktari aliyeniambia nimebakiza miezi sita, msiba wake nilihudhuria na ubwabwa nikala. Kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha jioni, na barua hii nimeiandika kwa mkono wangu siku nne, kalamu mbili, kwa kuwa siwezi kukishitaki kitu kwa kutumia kitu hichohicho.

Unaijua desturi yetu, ila naiandika kwa ajili ya wajumbe wanaosinzia vikaoni. Mwanachama akifika miaka sabini anakwenda ofisini kila Jumatano kusimulia wasifu wake mwenyewe. Katibu anauchapa kwenye kompyuta, unatiwa katika bahasha, bahasha inapigwa gundi, na hausomwi mpaka siku ya kaburini. Tulianza hivyo baada ya marehemu mmoja kusomewa kijiji kisicho chake, watu wakashindwa kulia. Mwenye wasifu haruhusiwi kuusoma. Sasa atajuaje kama maneno yake yameingia? Kwa sikio. Hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia.

1. Kibodi aliyokuwa akiitumia Mektilda, katibu wetu wa zamani, ile nzito iliyogeuka rangi ikawa kama meno yangu, kila kitufe chake kina springi chini. Mfaume, fundi wa taipureta, alinifungulia nikaona kwa macho. Ukibonyeza inalia *ta*. Kile kitufe kirefu cha chini, cha kutenganisha neno na neno, kinalia *du*. Mimi nilikuwa nakaa na punje za mahindi mfuko wa kulia. *Du* moja, punje moja inahamia mfuko wa kushoto. Habari ya chui niliyemuua kule Bukene kwa mchi wa kutwangia ilikula punje mia nne na kumi na mbili. Kazi yangu ya reli, punje mia sita na kitu. Ndoa yangu na marehemu Theodora, punje thelathini, kwa sababu ilikuwa ndoa nzuri, haina mengi. Nyumbani nilizipanga mezani nikayaona maisha yangu yote. Kuku walikula kipande cha reli, lakini nilikuwa nimeshahesabu.

2. Mektilda amehamia Nzega kwa binti yake, akaja Mwanne. Sina ugomvi na Mwanne, ni mtoto wa watu na ananiamkia mpaka chini. Ila amekuja na kibodi nyembamba kama chapati ya jana, haina sauti hata kidogo. Vidole vyake vinapita juu kama vya mtu anayechambua mchele. Nikamuuliza, mwanangu, unachapa au unatoa mawe? Akasema, nachapa babu, wewe endelea tu. Nimeendelea Jumatano tatu, punje zote zimebaki mfuko wa kulia. Jumatano ya tatu nikamtega: nikaropoka mambo ya ndani kabisa, ambayo mtu hasemi mbele ya karani. Hakushtuka, hakuinua macho. Hapo nikajua hachapi kitu. Mtu mwenye akili akisikia yale lazima angesimamisha vidole.

3. Uzito. Kibodi ile iliua nyoka ndani ya ofisi, kwa kuangushwa mara moja tu, na siku hiyohiyo ikachapa matangazo mawili ya msiba. Nionyeshe kibodi ya Mwanne itaua nini.

4. Babu yangu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu kutoka Ujiji, akapita hapahapa petu, mpaka Bagamoyo, na akarudi, wengine hawakurudi. Aliniambia hakuna mzigo uliobebwa kimya. Walikuwa na ngoma na nyimbo, na mzigo ukisikia wimbo unapungua. Msafara uliopita kijijini kimya ulidhaniwa ni wa wezi, au ni wa wagonjwa. Sasa hebu simama nje ya ofisi yetu Jumatano. Zamani mpaka wauza maandazi walijua tunafanya kazi. Wiki iliyopita mama mmoja amepita, akachungulia, akauliza kama umoja wa kuzikana umekufa, na kama umekufa nani atauzika.

4 tena, kwa sababu hili nimelikumbuka baada ya kulala. Marehemu Damas. Wasifu wake ulimaliziwa kwa kibodi ya kimya, na kaburini ulisomwa ukaisha kabla mchungaji hajafunga mwavuli. Ni Damas huyuhuyu tunayemjua, ambaye habari ya kununua baiskeli ilimchukua jioni nzima, na baiskeli yenyewe ilikuwa ya shemeji yake. Maneno yake yako wapi? Yamebaki ndani ya kile kichapati. Kwa hiyo kwa maoni yangu Damas amefukiwa lakini hajazikwa. Naomba kamati iitishe wanachama wote makaburini, wasifu wake uchapwe upya kwa kibodi ya zamani, usomwe tena, na waliolia kidogo mara ya kwanza wapewe nafasi.

5. Yule kijana wa Dar es Salaam. Alikuja kwa harusi ya dada yake, akaingia ofisini kutafuta mahali pa kuchaji simu, akaiona kibodi ya Mektilda inazuia mlango usipigwe na upepo. Akapiga magoti. Mwenyekiti, alipiga magoti, Mfaume alikuwepo. Akabonyeza kitufe kimoja, akafumba macho kama mtu anayeonja asali ya miombo. Akasema huko kwao vijana wanaziagiza ng'ambo mpya zilizotengenezwa zilie kama hii, na hii ndiyo mama yao. Watu wenye simu zisizo na kitufe hata kimoja wanaitafuta sauti, na sisi tuliopewa sauti tunaifanya jiwe la mlango. Halafu nasikia umemwahidi aje aichukue Jumamosi. Wewe Wilbroad hata jogoo wa kazi ungemtoa kwa kuwa anawika.

6. Kwa sababu hizo zote, naleta taarifa rasmi kwamba nimesitisha kufa. Kuanzia tarehe ya barua hii mpaka kibodi ya Mektilda irudi mezani, wanachama waliokuwa na mpango wa kunizika waende wakalime. Kina mama waliotenga vitenge wavivae. Nikikutwa nimekufa kwa bahati mbaya kabla ya hapo, isihesabiwe, na nisitolewe nje mpaka iitwe kamati. Nimeshawashinda wengi kwa kungoja. Siwezi kushuka kaburini nikiwa na mfuko wa kulia umejaa.

Naishia hapo, mkono umechoka ila hoja hazijachoka. Msalimie mkeo na watoto, wasalimie wajumbe, msalimie hata Mwanne, mwambie sina kinyongo ila nina mahindi. Kama kuna anayesema naongeza chumvi, Mfaume alikuwepo siku ya nyoka na siku ya magoti, na Mektilda yuko hai Nzega, aulizwe.

Ni mimi mwanachama wako mkongwe kuliko daftari la wanachama,

Gerson Mihambo.

Nyongeza, siku ya tano. Nilitaka kuambatanisha ushahidi. Nikaichukua bahasha yangu kwenye kabati la ofisi, nikaibandua gundi, nikampa mjukuu wangu Julieth ahesabu kurasa za Mektilda. Kosa hilo ni langu. Za Mektilda ni ukurasa mmoja, nao haukujaa. Umeandikwa hivi: Gerson Mihambo alifanya kazi reli, alioa, alipenda sana kuongea. Julieth akampigia simu Nzega. Mektilda akacheka mpaka akakohoa. Akasema, shikamoo babu, chui huyo ulimuua kila Jumatano kwa miaka miwili, mimi nilikuwa nachapa nyimbo za kwaya. Basi zile punje mia nne na kumi na mbili ni mapambio.

Za Mwanne ni kurasa kumi na moja. Yamo yote. Limo hata lile nililoropoka, kwamba siku ya chui mimi nilikuwa juu ya kihenge cha nafaka, na mchi ulikuwa mikononi mwa Theodora, ambaye alikuwa anatwanga na hakupenda kukatishwa.

Kwa hiyo malalamiko ya kwanza na ya pili nayafuta, na Mwanne aachiwe kibodi yake. Ile ya Mektilda msimpe yule kijana, nileteeni mimi. Sihitaji kompyuta. Nataka kubonyeza tu. Kuhusu kufa nitawajulisha.

Lile la kukusanyika makaburini na kusoma upya naliacha kama lilivyo, ila asisomewe Damas. Damas alisema yote akiwa hai. Asomewe Theodora. Alitutoka kabla hajafika sabini, wasifu wake niliutoa mimi, na chui sikumtia. Shahidi wa habari hiyo alikuwa mmoja, na siku anasomewa nilisimama kichwani pake nimenyamaza.