Zinki Iliyokataa Kuliwa

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimezama tena. Yaani, leo nimelowana tena.

Asubuhi Shemeji aliuliza, kwa upole wake ule unaoniua, kama mwezi huu nimeshaangalia chini ya boti. Nikamwambia ndiyo kwanza naenda kuvaa kaptula. Yeye ndiye mwenye boti na ndiye nahodha. Marehemu mumewe, mdogo wangu, alimwachia, naye huvusha abiria kutwa. Mimi ni mkuu wa idara ya chini ya maji. Idara ina mfanyakazi mmoja, na mfanyakazi huyo hajafika kazini mwaka wa pili sasa.

Utaratibu wangu ni huu. Nashuka upande wa pili, usioonekana kutoka gatini. Nashika kamba. Nachovya kichwa. Nakwangua mbao, kra kra kra, pale mkono unapofikia. Napumzika. Nachovya tena. Ukipita muda wa mtu kuoga na kujisugua visigino, napanda na konzi ya magamba yanayoota kwenye mbao, nayamwaga mbele ya Shemeji: haya, maadui zako hawa. Magamba hayo ninayo kwenye kopo la maziwa tangu mwaka juzi. Huyaloweka kwanza, yasionekane yamestaafu.

Si uvivu, ingawa uvivu nao ninao. Mwaka juzi, nikiwa chini ya mkuku, ule uti wa mgongo wa boti, kifua kilinibana nikasahau juu ni upande gani. Nilitoka macho yamenitoka kama panya aliyebanwa na mlango. Sikusema. Mzamiaji mzima, miaka thelathini kazini, nimwambie nani kwamba naogopa maji?

Kibaya zaidi ni taulo. Nikitoka majini Shemeji hunipa taulo, na kabla ya kunipa hulipasha moto juu ya kifuniko cha injini. Leo nimejifuta nikiangalia ng'ambo.

Jumanne, 4 Machi

Jirani yetu wa gatini, Bwana Ratiba, kaja kunihubiria. Alikuwa karani wa stoo, kastaafu, kanunua boti, na sasa anaiendesha kama stoo. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi mzamiaji wake, mwanamke mmoja tunamwita Mama Mapezi, anashuka kuangalia chini, na Bwana Ratiba anasimama juu na saa.

Akaniambia mwani ukiota chini, boti inakunywa dizeli kama mlevi aliyealikwa. Akasema usukani uangaliwe, rafadha inayosukuma boti iangaliwe, tundu linaloingiza maji ya kupoza injini lizibuliwe. Kasoro ukiiona mapema inataka spana, ukiiona kwa kuchelewa inataka dua. Nikamjibu kwamba mimi nimeanza kuonana na chini za boti yeye bado anahesabu misumari.

Kisha akauliza zinki yetu ikoje. Hapo roho yangu ikatulia, maana zinki ndicho kitu pekee nilichokifanya kweli. Ni kipande cha madini, ukubwa wa sabuni, kinafungwa karibu na rafadha. Kazi yake fundi alinieleza nikiwa nasinzia. Nilichoshika ni kwamba maji huila, ikiisha unaweka nyingine. Mwaka jana boti ilipokuwa nchi kavu fundi alifunga mpya. Alipokwenda kula, nikaipaka rangi nyekundu mikono mitatu. Wajinga wanabadilisha zinki kila mara kwa sababu wanaiacha uchi. Siri hiyo sikumpa Bwana Ratiba. Akili haigawiwi gatini.

Sasa habari yenyewe. Zahanati ya ng'ambo inatafuta boti ya kuvusha wauguzi wake, asubuhi na jioni. Jumamosi mkuu wa zahanati atapanda na kujionea. Wanaoshindana ni Shemeji na Bwana Ratiba. Shemeji aliniambia huku anafuta usukani: akikosa kazi hii atauza boti, ahamie kwa dada yake. Hakulalamika. Alifuta mahali pale pale mara nne.

Bwana Ratiba, mnafiki au mwema, sijui, alisema Mama Mapezi anaweza kutuangalia chini bure kabla ya Jumamosi. Nikamwambia sisi ni watu wa heshima, hatuonyeshi chini yetu ovyo.

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji anasema boti imekuwa nzito. Anakanyaga moto wote, na boti inakwenda kama mtu aliyetumwa asikotaka. Tena inatetemeka miguuni. Nikasingizia dizeli. Nikasingizia mkondo. Nikasingizia abiria, nikimtazama fundi cherehani mmoja mwenye mwili, kumbe anasikia. Akaniuliza kama kaptula ninayovaa nilishonewa au nilirithi.

Shemeji akaniuliza, kweli chini ni safi? Nikaapa. Sikuapa kwa Mungu, namwogopa. Niliapa kwa kifua changu, ambacho kimeshaharibika.

Siri ya maiti aijuaye mwosha. Siri ya boti aijuaye mkwanguaji, na mkwanguaji mwenyewe hajui.

Lakini nimepata dawa. Kama boti ni nzito, ipunguzwe uzito.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji alikwenda kununua vitambaa vya viti. Nikashusha benchi la akiba. Nikashusha madumu. Nikashusha sanduku la spana. Mwisho nikaitazama nanga. Nanga na mnyororo wake ni uzito wa mtu na nusu, na miaka mitatu haijagusa maji. Mfanyakazi gani huyo? Nikaipakia kwenye toroli, nikaifunika gunia. Walioniuliza niliwaambia maboga. Sasa iko chumbani kwangu, chini ya kitanda. Majaketi ya kuokolea niliyaacha. Mimi mwongo, si muuaji.

Boti ikainuka vidole viwili. Nikataka kushangilia, kisha nikaona kilichoinuka nayo. Ndevu za kijani, kuzunguka boti yote, ndefu kama za mtu aliyeweka nadhiri. Sikuwa na muda wa kunyoa. Nimezipaka rangi. Ukiwa mbali huwezi kujua. Ukiwa karibu, usiangalie.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika kwa sababu sitaweza kulisema.

Mkuu wa zahanati alikuja, mama mrefu mwenye miwani, na wauguzi watano. Shemeji alivaa blauzi ya kutokea. Tulitangulia sisi. Bwana Ratiba aliondoka dakika kumi baadaye, akatupita katikati ya maji, akavua kofia kutusalimu. Shemeji akakanyaga moto wote.

Kitu kikalia ka! huko chini. Boti ikatetemeka kama mwenye homa. Injini inanguruma, sisi hatuendi. Mkondo ukaanza kutusukuma kwenye nguzo za daraja lililobomoka.

Shemeji akasema nitupe nanga. Hiyo haikuwa sauti ya shemeji, ilikuwa sauti ya nahodha. Nikaenda mbele. Nikafungua kasha la nanga. Nikachungulia ndani kama mtu anayetegemea kuona kitu. Nikarudi. Akasema tena. Nikamwambia nanga iko nyumbani. Akauliza nyumbani wapi. Nikasema chini ya kitanda.

Muuguzi mmoja alicheka. Kisha akaiona nguzo, akaanza kufunga kamba za jaketi lake.

Bwana Ratiba aligeuza boti. Alitutupia kamba nguzo ikiwa karibu kiasi cha kuamkiana. Akatuvuta mpaka gatini. Angenitukana ningepata pa kumchukia.

Mama Mapezi akashuka chini bila kuombwa. Alikaa muda mrefu. Watu wakajaa. Alipoibuka alisema huko kuna shamba, tumuulize mwenye shamba atavuna lini. Akaweka gatini mafungu ya mwani na magamba mabichi, yanayotema maji. Akasema tundu la injini limebaki kama pua ya mwenye mafua. Akashuka tena na spana. Safari hii akaja na zinki yetu mkononi.

Nyekundu. Nzima. Pembe zake zote nne.

Mungu anisamehe, nilitabasamu. Nikawaambia waliosimama pale: mnaona, mwaka mzima na haijapungua hata chembe, rangi hiyo nilipaka mimi, mikono mitatu.

Mama Mapezi akanitazama kama anayemtazama mtu aliyemfungia mlinzi chumbani ili asipigwe na wezi. Akasema, mzee wangu, zinki inawekwa iliwe. Maji lazima yale kitu. Ukiyaficha zinki kwa rangi, yanakula rafadha. Akamfumbulia Shemeji kiganja, akamwekea kipande cha panga la rafadha lililovunjika. Kilikuwa na vitundu kama mkate uliopitiwa na panya. Shemeji alikibonyeza kwa kidole, kikameguka.

Akaniuliza taratibu, mbele ya watu wote, Jumatatu niliposhuka niliona nini.

Nikasema. Kwamba sijashuka mwaka wa pili sasa. Kifua. Kamba. Nikasema na habari za kopo la magamba, ambazo hakuna aliyeziuliza, maana ukweli ukianza kutoka ni kama kuharisha. Mkuu wa zahanati alivua miwani akaifuta. Fundi cherehani alikuwepo pia.

Shemeji alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na taulo?"

Basi. Hilo tu.

Jumapili, 9 Machi

Boti imepandishwa nchi kavu. Nimekwangua kuanzia asubuhi mpaka jua kuzama, Shemeji upande wake, mimi upande wangu. Nchi kavu siogopi. Vidole vyote vimechubuka, nami nastahili.

Alasiri akasema, bila kuniangalia, kwamba ningemwambia habari ya kifua siku ile ile angemwita Mama Mapezi kila mwezi, nami ningekaa kivulini kama wazee wenzangu. Akasema, "Kumbe uliona heri nizamishe watu kuliko uonekane umezeeka, Shemeji." Nikazidi kukwangua. Kuna mahali nilikwangua mpaka nikafikia mbao.

Fundi amefunga rafadha nyingine na zinki mpya. Muda wote alisimama kati yangu na zinki, na kopo la rangi akaliweka kati ya miguu yake.

Jumatatu, 10 Machi

Mkuu wa zahanati alikuja gatini. Nikajificha nyuma ya boti, ila nilisikia yote. Bwana Ratiba alimwambia yeye ataweza safari za asubuhi tu. Jioni ana shughuli nyingine. Uongo. Mtu huyo jioni hukaa akinoa penseli. Nilikuwa nimemwandalia tusi tangu Jumamosi, ikabidi nilimeze, na lilikuwa tusi zuri.

Mama yule akakubali jioni iwe ya Shemeji, kwa sharti moja. Kila mwezi Mama Mapezi ashuke chini ya boti, aseme alichokiona, na kiandikwe kwenye daftari. Mkuu mwenyewe atalisoma. Siku atakayoona limekosewa, kazi imekwisha. Akasema wanaobebwa ni wauguzi, si magunia.

Shemeji hatauza boti. Hataenda kwa dada yake.

Wakaulizana nani ataandika. Mama Mapezi kalamu haimkai mkononi, Shemeji mikono yake iko kwenye usukani. Shemeji alizunguka nyuma ya boti, akanitazama vidole vilivyochubuka. Kisha akasema shule niliishia darasa la tano lakini mwandiko wangu ni wa kupendeza, na kalamu haihitaji kifua. Baada ya yote yale. Nilitokwa machozi, nikasingizia rangi.

Nimeapa. Safari hii kwa Mungu.

Jumanne, 11 Machi

Nimeanza kazi. Daftari jipya, jalada gumu. Nimepiga mistari kwa rula: tarehe, mbao, rafadha, usukani, tundu, zinki, maoni. Chini ya Machi nimeandika kila alichosema Mama Mapezi, neno kwa neno, pamoja na la shamba. Ukweli mtupu. Umenichukua nusu saa, na mkono ukafa ganzi, maana mwanamke yule anaongea.

Kisha nikatazama kurasa zilizobaki. Tupu zote. Aibu gani hiyo, mtu kupewa kazi ya heshima akaiacha tupu. Na mimi mzee, nani ajuaye Juni nitaamkaje?

Nimejaza Aprili. Chini safi, zinki inaliwa vizuri. Mei vilevile, kwa kalamu nyeusi, isionekane kazi ya siku moja. Juni nimeinamisha mwandiko kidogo, kama wa mtu mwenye haraka. Julai nimeikunja pembe. Agosti nimetia kasoro ndogo kwenye usukani, maana daftari lisilo na kasoro hata mimi nisingeliamini, na Septemba kasoro hiyo nimeirekebisha.

Shemeji amepita, ameniona nimeinamia kazi. Ameniwekea chai pembeni, ya kwanza tangu Jumamosi. Nilitamani kuinua kichwa nimshukuru. Lakini nilikuwa nimefika Oktoba.