Sokwe wa Guinea

Ndugu zangu, leo nimeadhirika ukweni, tena nikiwa nimeketishwa kwenye kiti cha mgeni.

Ninayetaka kumuoa ni Mwamini. Baba yake, Tata Ramazani, ameendesha malori kati ya Kolwezi na Dilolo tangu ujana, na anaheshimu watu waliosafiri. Mimi mwisho wangu ni Kasaji, njiani hapo hapo. Basi nikamwambia Mwamini kwamba niliwahi kufika Guinea, kwenye hifadhi ya Mlima Nimba. (Mapenzi haya!) Picha ninayo: mimi, mlima wa kijani, sokwe nyuma ya bega langu. Nilipigwa studio, hapa hapa sokoni, mbele ya pazia lililochorwa.

Leo mzee akaniita. Akiridhika nami, nilete wazee wa posa. Asiporidhika, basi.

Nikamsimulia. Sokwe wanaovunja kokwa za michikichi kwa mawe. Chura mdogo wa kule juu, anayezaa watoto hai. (Haya ni ya kweli, nimeyasoma kwenye simu.) Mzee akasahau chai yake. Akauliza kama mlima ule nao una madini. Nikasema una chuma. Akatazama dirishani, kwenye vilima vya udongo wa machimbo. Akasema siku hizi njia yote ya Dilolo haoni hata paa mmoja. Iliniuma kumsikia. Ningeishia hapo.

Nikatoa simu.

Akavaa miwani. Akaangalia picha. Akaangalia juu ya kichwa changu. Akarudi kwenye picha. Mwamini akajifunika uso kwa mtandio.

"Geuka, mutoto," mzee akasema.

Nikageuka. Ukutani, juu ya kiti changu, picha ya kitindamimba wao ndani ya gauni la Idi. Mlima uleule. Sokwe yuleyule, na mkunjo wa pazia umempita jichoni vilevile.

"Huyu makako anatembea sana. Ku Idi alikuwa huku."

Nikaungama yote. Nilitamani shimo la kujifukia (na Kolwezi mashimo si haba).

"Na ya chura, nayo ni bongo, ulinidanganya?"

Nikamwambia chura ni wa kweli. Akaniomba nisimulie tena habari yake. Nikaisimulia macho chini, naye akisikiliza kama mara ya kwanza.

Nilipoaga alinishika mkono.

"Wazee bako balete. Lakini bakuje bo benyewe, hapana foto yabo."