Ukurasa wa Tisa wa Historia ya Bustani Yetu

Uwanja wa Ludlam,
4 Mei 1983

Kwa Bwana Tranter, Mwenyekiti wa Kamati ya Bustani,

Nimekisoma mara mbili kijitabu chako cha historia ya bustani yetu. Kwa heshima zote, naomba ukurasa wa tisa unyofolewe kabla hakijagawiwa majumbani. Sababu zangu ni hizi:

1. Tangu 1831 bustani hii ni ya nyumba zinazoizunguka, na kila nyumba ina ufunguo wake. Wewe umekwenda kutangaza kwamba wakati wa vita serikali iling'oa uzio wetu wa vyuma ikauyeyusha kuunda silaha, na kwa miaka saba aliyetaka aliingia. Aibu za nyumbani haziandikwi.

2. Walioingia walitoka Mtaa wa Madobi. Walicheza mpira kwenye mawaridi. Walikula chipsi kwenye gazeti, kwa mikono. Kijana mmoja alithubutu kumwambia binti wa namba 14, bila hata kutambulishwa kwake, "Hebu sogea dada, umekalia chipsi zangu." Binti akasogea. Hakusogea mbali.

3. Kwa hiyo historia iruke kutoka 1942 hadi 1949, uzio uliporudi. Wakazi waliozaliwa katikati ya miaka hiyo wapunguziwe umri, watashukuru.

4. Aliyeingia bila ufunguo ahesabiwe kuwa hakuingia. Kama alipata mchumba humo, kamati iitazame ndoa hiyo upya, na watoto wake warudishe funguo. Wapo wawili watakaolalamika; baba yao aliwalea hivyo.

Sina kinyongo na mtu. Mimi huketi bustanini kila siku saa kumi alasiri, na sipendi kila mwenye kijitabu amkodolee macho yule kijana wa kwenye picha ya ukurasa huo, aliyelala chali kwenye nyasi kama yuko kwao.

Nisalimie mkeo, wajumbe wote, na mbwa wenu anayefukua mawaridi kwa idhini ya kamati.

Wako katika kulinda lango,
Hester Scobell (Bi.), namba 14

Nyongeza: Picha ile umeipata wapi? Huyo ni Wilf wangu. Alifariki Novemba iliyopita, na sina picha yake hata moja ya miaka ile. Ukiunyofoa ukurasa, niletee mimi. Au basi, uache. Uache, Bwana Tranter. Ila chini ya picha umeandika "mpita njia." Hapo urekebishe. Aliishi hapa miaka thelathini na minne.