Mushahara wa Direkteri Unaokatwa na Mbalamwezi

Kwa Mzee Amur,
Prezida wa Komite ya Redio Ndagala,
Rumonge.

Mzee wangu, amahoro.

Mimi ni Kankindi, mama yake Lameki, direkteri wa redio yenu. Sokoni hakuna asiyenifahamu, lakini barua ya heshima lazima ijitambulishe. Kiswahili hiki nilikisoma kambini Tanzania mpaka darasa la sita, na mwalimu alisema nina mwandiko wa karani. Lameki akili ametoa kwangu. Kwa baba yake, marehemu, tulibakiziwa mutumbwi, ndio uliolipa minerval, ada yake ya shule, mpaka diplome.

Nimesikia jinsi komite ilivyopanga mushahara wake, na kwanza nawapongeza. Komite yote ni wenye mitumbwi, isipokuwa mumoja mwenye duka la nyavu. Mungepanga vipi tena? Mulisema redio ni mutumbwi tu. Kinachoingia kwa matangazo ya vifo, harusi na mbuzi waliopotea, munatoa kwanza mafuta ya jenereta, nusu inakwenda kwa komite, kinachobaki direkteri anagawana na watangazaji wake. Akili kubwa hiyo. Ila nina malalamiko kidogo, nayapanga kwa namba yasiwachoshe.

1. Kila mutu wa ziwa anajua kwamba mwezi ukiwa mupevu taa hazivuti ndagala, hao dagaa wetu, mitumbwi inalala, hakuna wa kulipwa. Lakini mwanangu siku hizo hakulala. Alisoma habari kila asubuhi kwa sauti ile munayoijua, nzito kama ya askofu, na bado mulimukata wiki nzima kwa ajili ya mbalamwezi. Naomba kuelimishwa: mbalamwezi inafukuza na wasikilizaji?

2. Ziwa lilipofungwa, na mushahara wake ukafungwa. Ziwa linafungwa ili samaki wazaliane. Mwanangu mulimufungia ili nini kizaliane? Hana hata muke.

3. Na hapo ndipo kidonda kilipo. Tulikwenda Kabezi kumuposea Eliana, binti wa Mwalimu Leonsi. Walipenda kila kitu: sauti, koti, diplome, na mimi pia walinipenda. Kisha Mwalimu Leonsi akauliza kwa adabu direkteri analipwa ngapi. Musemaji wetu, shemeji yangu Isaka, hajui kudanganya hata kidogo. Akajibu, "Inategemea mbalamwezi." Mashangazi wa binti walicheka mpaka Fanta ikamwagika. Tumeambiwa turudi kabla ya Noeli na jibu linaloeleweka, kwa maana kuna kijana mwingine, wa famasi huko Bujumbura, anaulizia. Huyo analipwa hata watu wakiwa wazima.

4. Kama ni desturi ya mutumbwi, tuifuate yote. Muvuvi anachotewa ndagala za kulisha watoto wake kabla ya kugawana. Basi Lameki naye achotewe: kila asubuhi nusu saa ya redio aje nayo nyumbani, mimi nitasalimia ndugu zangu kuanzia Bugarama mpaka Kabonga. Na wavu ukipasuka, anayeushona ni mwenye mutumbwi. Mbona antena ilipoangushwa na upepo mulimukata Lameki? Siku upepo ukibeba paa langu nitawaletea mabati muyalipe, tuwe sawa.

5. Kama hayo hamuyawezi, mumulipe kila mwezi, bei moja, mvua na kiangazi, kama mulinzi wa redio hiyo hiyo. Sijasikia akilipwa kwa idadi ya wezi aliokamata. Mutu akifanya kazi alipwe, hata samaki wakilala.

Munisalimie Bi Jokha wa nyumbani kwako na mutoto wake Fatuma, pia mulinzi wa redio na komite yote, hata mwenye duka la nyavu. Murakoze cane, asanteni sana.

Ni mimi, kwa heshima na kwa sauti ya chini,
Kankindi, mama wa Direkteri.

N.B. Nilipokuwa naisoma barua hii kwa sauti ili nione kama ni tamu, Hyacinthe na vijana wengine wa mutumbwi wangu walikuwa nje ya dirisha wanatengeneza taa. Sasa wanataka nao niwalipe kila mwezi, mbalamwezi iwepo isiwepo, hata ziwa likifungwa. Nimewaambia hakuna wa kulipwa kwa samaki ambaye bado anaogelea, na kwamba kugawana ndiyo haki yenyewe, hata Redio Ndagala, yenye wasomi, inagawana. Wamerudi kwenye taa zao. Kwa hiyo Mzee wangu, mukimupa Lameki mushahara, mumupe kimya kimya. Musitangaze redioni. Wanaisikiliza.