Kinyozi Asiyekuwepo

Kwa heshima na taadhima, raia na wageni wote wanatangaziwa kwamba tatizo la wageni kuchelewa kuripoti limekwisha. Halikupungua, limekwisha. Mimi, Mkuu wa Dirisha katika Idara ya Wageni Wakaazi, nililishuhudia likiisha, maana waraka wa kulimaliza ulibandikwa kwenye dirisha langu.

Zamani mgeni mkaazi asiyeripoti siku yake kabla ya saa kumi jioni aliitwa mchelewaji. Alitoa udhuru, akalia, akatuchosha. Mkurugenzi wetu akaona mbali. Waraka wake ukasema: asiyeripoti kwa wakati hakuchelewa, bali ameondoka nchini. Tangu hapo hatukupata mchelewaji hata mmoja. Waliopiga kelele mlangoni hatukuwajibu, kwa kuwa mtu aliyeko ng'ambo hawezi kusikika mpaka hapa.

Ndipo akaja kinyozi. Duka lake linatazamana na ofisi yetu. Ameishi humu miaka mingi, ameoa humu, na hakuwahi kukosa siku yake. Siku hiyo aliingia mbio saa kumi imeshapita, povu la sabuni limemkaukia mikononi. Nyuma yake alikuja mkewe akihema, tumbo mbele, siku zake za kujifungua zimekaribia.

"Mzee, nisamehe," kinyozi akasema. "Nilikuwa namnyoa Mkurugenzi mwenyewe ndevu. Nikamwomba nivuke barabara niripoti, akaniambia, 'Maliza kwanza, dirisha ni langu.' Halafu simu yake ikaita, akaongea mpaka muda ukapita."

Nilimgeukia mkewe, ambaye ni raia na kwa hiyo alikuwepo.

"Dada, mumeo ameondoka nchini."

"Mume gani? Si huyu hapa ananikanyaga mguu?"

"Kuona si ushahidi."

"Ameondoka lini?"

"Saa kumi."

"Bila hata kuniaga?"

"Wanaume ndivyo walivyo, dada. Akitaka kurudi, apitie mpakani. Ili apite mpakani, agongewe mhuri wa kutoka. Ili agongewe mhuri wa kutoka, sharti awepo."

Mama yule akashika tumbo. "Kaka, mtoto anakuja wakati wowote. Polisi wakimkuta huyu barabarani watamkamata, wampeleke nisikokujua. Mimi nataka mume wangu awe pale mlangoni mwanangu akizaliwa, basi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hili langu limeshajaa."

"Idara inakupa pole kwa kuachwa," nikamwambia.

"Haya. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji."

Nilidhani anatangaza biashara ya mumewe. Nikafunga dirisha. Jioni hiyo niliusoma tena waraka nikitafuta upenyo, lakini waraka ni waraka.

Kinyozi ni mtu mtiifu. Kesho yake alikalia kiti cha wateja, akakunja mikono. Kila aliyeingia kunyoa, mkewe alimwambia, "Hayupo." Mkate alinunua mkewe, maji akateka mkewe, na tumbo lake lile. Mume hakuthubutu kutoa pua nje.

Siku zikapita, ikafika siku ya hafla. Wakubwa walipanga kumtunuku Mkurugenzi nishani kwa kufuta uchelewaji nchini. Kumbe nywele zake zilikuwa zimegeuka kichaka. Mkurugenzi ana kinundu kisogoni, na vinyozi wengine wote walishawahi kukitoa damu. Saa tisa alasiri akaniamuru tuvuke barabara.

"Ninyoe," akasema.

Kinyozi akamtazama mkewe. "Mwambie sipo."

"Hayupo," mkewe akasema.

"Namwona!"

"Kuona si ushahidi, Mheshimiwa. Muulize huyo uliyekuja naye."

Ilinibidi nithibitishe. Mkurugenzi akaniagiza nitafute njia, nami sikosi njia. Papo hapo nikaandika Kibali cha Kuwepo kwa Muda, kwa ajili ya kichwa kimoja. Mwisho wake, saa kumi, kama vibali vyote vya dirisha langu.

Kinyozi akakibandika kwenye kioo, akamfunga Mkurugenzi shuka shingoni, akaanza. Mkono wake ni mwepesi, sikatai. Ila Mkurugenzi alikuwa akifanyia mazoezi hotuba yake, na kila alipofika kwenye "nawashukuruni" aliinamisha kichwa, na wembe ukabaki hewani. Kisha simu ikaita. Akaongea, akacheka, akaongea tena.

Ilipotimu saa kumi, upande wa kulia uling'aa. Wa kushoto ulikuwa kichaka vilevile. Kinyozi akaweka wembe chini, akanawa mikono, akaketi.

"Maliza kwanza!" Mkurugenzi akafoka.

Kinyozi hakujibu. Mtu aliyeko ng'ambo hasikii.

Mkurugenzi akanigeukia. "Mwongezee muda!"

"Dirisha limefungwa, Mheshimiwa."

"Dirisha ni langu!"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Na waraka ni wako pia."

Akavuka barabara mbio, shuka likipepea. Mlinzi akamzuia getini, kwa sababu picha ya kitambulisho ilikuwa na nywele pande zote mbili. Nikaenda kumdhamini. Akarudi na mhuri mkubwa wa ofisini kwake, akaugonga kwenye kadi ya kuripoti ya kinyozi: AMERIPOTI KWA WAKATI. Chini yake akaandika kwa mkono wake kwamba mwenye kadi hakuwahi kuondoka.

Kinyozi akaupuliza wino ukauke. Mkewe akaichukua kadi, akaitia kifuani, halafu akaushika ukingo wa meza.

"Mume wangu, twende. Umeanza."

"Nini kimeanza?" Mkurugenzi akauliza.

"Uchungu, Mheshimiwa," kinyozi akasema, akitafuta viatu vyake. "Sasa nipo, na kuna mahali ninahitajika."

"Na mimi je?"

"Njoo kesho. Wahi."

Wakatoka wameshikana mikono, wakapita mbele ya polisi wawili pasipo kuinamisha macho. Nilifurahi, na sijui ni kwa idhini ya nani.

Mkurugenzi alipokea nishani amesimama kiupande. Wapiga picha walikuwa upande wa kichaka. Na kwa kuwa mkubwa hakosei, asubuhi iliyofuata ulitoka waraka mpya: nusu kichwa ndio unyoaji rasmi wa watumishi wote wa Idara. Anyoaye ni kinyozi mmoja tu, ndiye anayeujua mpaka. Na asiyenyolewa ifikapo Jumatatu anahesabika ameacha kazi.

Foleni sasa inaanzia dukani kwake hadi kwenye ngazi zetu. Ijumaa, siku ya mwisho ya kunyoa kabla ya Jumatatu hiyo, nilifika mbio, saa kumi imepita kidogo tu. Mke wa kinyozi alikuwa mlangoni, binti yake amelala begani.

"Dada, nisamehe, nimechelewa kidogo."

"Hujachelewa, kaka," akanijibu kwa upole. "Umeshanyolewa."

Akafunga mlango.